Karabai Mbili Zenye Sura Moja: Jinsi ya Kuzilinganisha Taa za Zamani za Pampu

Rafu ya juu katika chumba changu cha nyuma, hapa Ujiji, ina karabai mbili ambazo kila mgeni anayezitazama husema ni pacha. Zote zina tanki la duara lenye tumbo, pampu iliyochomekwa kwa mshazari ubavuni, gurudumu dogo la kuzungusha kwa mkono, kioo cha mviringo, kofia ya bati juu yake, na maandishi yanayodai kwamba taa hutoa mwanga wa mishumaa 500. Moja ni Petromax ya Ujerumani na nyingine ni Anchor ya China. Nilipozinunua nilikuwa na hakika, kama walivyo wengi wanaoanza kukusanya taa hizi, kwamba ya kwanza ndiyo taa na ya pili ni mwigo wake tu. Ilinichukua muda kutambua kwamba swali lenyewe la ipi ni bora nilikuwa nimeliuliza vibaya, kwa sababu karabai si kitu kimoja. Ni mkusanyiko wa sehemu nne au tano ambazo kila moja ina umri wake, asili yake na afya yake, na jina lililochapwa kwenye tanki huzungumzia tanki peke yake.

Kigoma ni mahali panapofaa kujifunzia jambo hili, kwa kuwa taa hizi hapa hazikuwa pambo la sebuleni. Kabla hazijafika, wavuvi wa Ziwa Tanganyika waliwasha moto wa kuni kwenye omo ya mtumbwi, wakawachota dagaa kwa lusenga, yaani wavu wa mpini mrefu. Kuanzia miaka ya 1950, nyavu za kuinua zilipoenea, karabai ikachukua nafasi ya kuni, na tangu hapo hadi juzijuzi mtu aliyesimama ufukweni Kibirizi au Katonga usiku wa giza aliweza kuhesabu vyombo kwa kuhesabu taa. Ninaposema giza ninamaanisha kile wavuvi wanachokimaanisha: zile wiki za mwezi ambazo mbalamwezi haiishindi taa, kwa sababu ziwa zima likiangazwa na mwezi mpevu dagaa hawana haja ya kuufuata mwanga wa mtu. Mwaka 2011 serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuwakomesha waliokuwa wakiyachanganya na dizeli, na mvuvi, ambaye hakuwa na mkono katika uchakachuaji huo, akajikuta analipia zaidi kila usiku wa kazi. Baadaye taa za LED za betri na sola zikaanza kupatikana kwa bei inayovumilika. Karabai ziliteremshwa mitumbwini, zikakaa vibandani zikishika vumbi, kisha zikaanza kwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu, ambao huzipima kwa kilo. Nyingi ya zangu nimezitoa huko, zikiwa bado zinanuka mafuta na dagaa.

Jina lenyewe nalo lina historia inayochanganya, ingawa si ndefu. Neno karabai limetokana na kabaidi, madini ya kutengenezwa ambayo yakidondoshewa maji hutoa gesi ya asetilini, na karabai za kwanza zilikuwa taa za gesi hiyo. Taa ya mafuta yenye pampu ilipokuja ilirithi jina, wakati ndani yake hakuna hata chembe ya kabaidi. Kwa hiyo mkusanyaji akiambiwa kuna karabai ya zamani sana mahali fulani, aulize kwanza kama ina pampu au ina chumba cha maji kilicho juu ya chumba cha mawe, maana hizo ni taa mbili zisizohusiana kabisa. Chemli, yenye utambi wa pamba na mpini wa waya, ni jamii ya tatu na haitazungumziwa hapa.

Ili ulinganisho uwe na maana ni lazima kwanza kuelewa mwanga wa karabai unatoka wapi, kwa kuwa hapo ndipo tofauti zote zinapozaliwa. Mafuta ya taa yakiwaka yenyewe hutoa mwali wa njano wenye moshi, na mwanga wake ni hafifu. Anayelifahamu jiko la pampu, lile la aina ya Primus ambalo Frans Wilhelm Lindqvist wa Sweden alilianzisha mwaka 1892, anajua kwamba mafuta hayohayo yakisukumwa kwa upepo ndani ya bomba lenye moto hugeuka mvuke, mvuke ukafyatuka kupitia tundu dogo la nozeli, ukavuta hewa njiani, na kuwaka kwa mwali wa buluu usio na masizi. Mwali huo ni mkali kwa joto lakini hauna mwanga wa kumfaa mtu. Karabai huchukua mwali huohuo na kuupuliza ndani ya kifuko cha nyuzi ambacho watu hukiita utambi, ingawa hakinyonyi mafuta wala hakiungui kama utambi wa chemli. Kifuko hicho ni uvumbuzi wa mkemia wa Austria, Carl Auer von Welsbach, aliyeupatia hataza ya kwanza mwaka 1885 na kuufikisha kwenye mchanganyiko wake mashuhuri mwaka 1891: asilimia 99 oksidi ya thoriamu na asilimia 1 oksidi ya seriamu. Kitambaa kipya kinapochomwa mara ya kwanza nyuzi huteketea na kubaki mifupa ya majivu ya oksidi hizo, laini kiasi kwamba mguso wa njiti ya kiberiti unaivunja, na mifupa hiyo ndiyo inayong'aa nyeupe inapopata joto la mwali.

Katika maelezo hayo kuna mambo mawili ya kushika. La kwanza ni kwamba taa haiwezi kuwaka mpaka bomba la mvuke lipate joto, na ikishawaka bomba hilo hupata joto kutoka kwenye mwali wa taa yenyewe. Kwa hiyo kila mtengenezaji alipaswa kutatua namna ya kulipasha bomba mwanzoni na mahali pa kulipitisha baadaye. La pili ni kwamba kiasi cha mwanga huamuliwa na mtiririko wa mvuke, ambao nao hutegemea shinikizo la tanki, usafi wa bomba na upana wa tundu la nozeli. Tanki halitoi mwanga. Hili linaonekana wazi mno likiandikwa, lakini nimewaona watu wakizunguka taa kwa nusu saa wakisugua tanki na kusoma maandishi yake bila hata mara moja kuinua kofia na kutazama nozeli.

Sasa tunaweza kuzigawa taa kwa namna ya maana, yaani kwa njia ambayo mafuta hupita. Jamii inayoonekana zaidi huku ni ile ya Petromax. Katika taa hizi bomba la mvuke hupanda kutoka kwenye tanki kando ya utambi, likajikunja kitanzi karibu na mwali, na kuishia kwenye nozeli iliyoelekea juu. Mvuke hurushwa ndani ya bomba jingine pana lililopinda kama shingo ya bata, ukachanganyika na hewa, ukageuzwa kuelekea chini hadi kwenye kipua cha udongo ambamo utambi umening'inizwa. Gurudumu la mkono husukuma fimbo ndefu iliyo ndani ya bomba, ambayo kichwani ina sindano nyembamba kama unywele wa singa, na kila gurudumu linapozungushwa sindano hiyo huchokoa tundu la nozeli na kutoa uchafu. Wavuvi waliipenda taa hii kwa sababu hiyo hasa: nozeli ikiziba katikati ya ziwa, mtu hazimi taa wala hafungui kitu, anazungusha mkono mara moja na mwanga unarudi. Tanki lake hubeba karibu lita 1 ya mafuta, na kwa taa ya mishumaa 500 hiyo hutosha saa 8 hivi, yaani usiku wa kazi.

Ndani ya jamii hii kuna mgawanyiko ambao huwaponyoka wengi. Baadhi ya taa zina kiwashio cha haraka, kifaa chenye wenzo mdogo ambacho hupuliza mafuta na hewa ya tanki moja kwa moja kama tochi ya fundi bati, na kwa muda wa dakika moja na nusu hivi bomba huwa limepata joto la kutosha. Nyingine zina kikombe kidogo tu kinachozunguka bomba, ambacho hujazwa spiriti na kuwashwa. Mkusanyaji wa mjini hupenda kiwashio kwa kuwa kina vyuma vingi na kelele ya kupendeza. Mzee mmoja jirani yangu, aliyevua kwa zaidi ya miaka thelathini, aliniona siku moja nikijisifia kiwashio hicho, akacheka. "Mjukuu wangu, hicho ndicho kinachomaliza upepo wa tanki kabla taa haijawaka. Upulize, halafu uanze kupiga pampu upya na mikono imelowa? Spiriti haikuombi kitu." Alikuwa na haki, ingawa alisahau kutaja kwamba spiriti yenyewe inaweza kukosekana, na kiwashio hutumia mafuta yaleyale yaliyomo ndani ya tanki.

Jamii ya pili ni ya Tilley, taa ya Uingereza iliyotengenezwa Hendon, London, kabla ya kampuni kuhamia Ireland ya Kaskazini katika miaka ya 1960. Sura yake ni tofauti kwa yeyote anayejua pa kutazama: bomba la mvuke halipiti kando bali linasimama wima katikati ya kioo na kupenya ndani ya utambi wenyewe, ambao kwa sababu hiyo una matundu mawili na hufungwa juu na chini, si mfuko wenye mdomo mmoja. Bomba likiwa ndani ya mwali hupata joto kwa uhakika, na taa hutulia ikawaka bila kupepesa. Haina kiwashio. Badala yake huja na koleo dogo lenye pamba isiyoungua, ambalo huchovywa kwenye spiriti, likabanwa kwenye shina la bomba na kuwashwa. Koleo hili ndilo kitu cha kwanza kupotea, na Tilley nyingi ninazoziona zimetengenezewa koleo la waya wa kawaida na kipande cha kitambaa. Udhaifu wake mkubwa kwa mtu wa huku ni utambi. Ule wa Petromax hautaingia, na wa kwake haupatikani dukani. Taa za Bialaddin na Vapalux, nazo za Uingereza, ni jamaa za karibu kwa mtindo, lakini sehemu zake si za kubadilishana na Tilley ovyoovyo.

Jamii ya tatu, ya Coleman kutoka Wichita, Kansas, huku ni nadra, na ninaitaja kwa sababu moja tu ambayo ni ya usalama. Coleman nyingi za Marekani, pamoja na ile maarufu ya 200A iliyotengenezwa kuanzia 1951 hadi 1983, hazitumii mafuta ya taa bali petroli safi isiyo na viambato vya magari, ambayo huvukizwa kwa urahisi na kwa hiyo haihitaji kupashwa kwa spiriti. Ukiijaza mafuta ya taa itatapika moshi na kuzima. Kosa la upande wa pili ndilo la kuogopwa: karabai ya mafuta ya taa ikitiwa petroli, au mafuta ya taa yaliyochanganywa na petroli, inaweza kulipuka mikononi mwa anayeipiga pampu. Asiyejua taa aliyonayo ni ya mafuta gani asiiwashe mpaka ajue.

Tukirudi kwenye swali la jina, hapa ndipo pana vurugu kuliko pote. Petromax ilianza kama alama ya kiwanda cha Ehrich & Graetz cha Berlin, na jina lenyewe limeunganishwa kutoka Petroleum, neno la Kijerumani la mafuta ya taa, na Max, yaani Max Graetz. Lakini umbo lake lilifanikiwa mno hivi kwamba lilinakiliwa dunia nzima. Hasag wa Leipzig walitengeneza taa zao, Radius na Optimus wa Sweden zao, Hipolito wa Ureno zao, na viwanda vya China vikatoa Anchor, Butterfly na nyinginezo kwa vipimo vinavyokaribiana kiasi kwamba nozeli, sindano na kioo cha moja mara nyingi huingia kwenye nyingine. Huku kwetu mambo yalizidi kuchanganyika kwa sababu fundi alinunua kilichokuwepo. Karabai iliyofanya kazi miaka ishirini ziwani haibaki na bomba la mvuke iliyozaliwa nalo. Bomba ni kitu cha kuchakaa kama tairi la baiskeli, kwa kuwa mafuta yanapochemka huacha masizi magumu ndani yake ambayo mwishowe hayasafishiki. Kwa hiyo Petromax ya Kibirizi inaweza kuwa na tanki la Berlin, bomba la China, kofia iliyopondwa kutoka kwenye debe, na kipua cha udongo ambacho hakuna anayeweza kusema kilitoka wapi.

Alama za tanki hata hivyo zina faida yake mtu akizisoma kwa kile zinachosema na si zaidi. Herufi D.R.P. ni za hataza ya Ujerumani ya zamani ya kabla ya mwaka 1945, na D.R.G.M. ni ulinzi mdogo zaidi wa umbo kutoka kipindi hichohicho. Tanki lenye herufi hizo lina nasaba ya kabla ya vita, ingawa muhuri wa kiwandani uliweza kuendelea kutumika muda kidogo baadaye. Maneno yanayotaja Ujerumani Magharibi yanaiweka taa kati ya kugawanyika kwa nchi hiyo mwaka 1949 na kuungana kwake 1990. Tilley inayotaja Hendon ni ya kabla ya kuhama. Coleman ndiyo iliyomhurumia mkusanyaji, kwani nyingi zimepigwa chini ya tanki tarakimu za mwezi na mwaka. Taa za China zinazotaja Jamhuri ya Watu haziwezi kuwa za kabla ya 1949, na zaidi ya hapo mimi hukisia kwa aina ya rangi na uchovu wa hesi, yaani mikato ya kukazia skrubu, tu, kwa hiyo siandiki mwaka kwenye daftari.

Jambo linalofuata ni ile mishumaa 500. Wauzaji huitaja kama uwezo wa injini, na wanunuzi huiamini. Kipimo hicho kwenye taa za Kijerumani kiliandikwa kwa herufi HK, yaani mshumaa wa Hefner, ambao ni mdogo kidogo kuliko kandela, kipimo cha leo cha ukali wa mwanga: mshumaa mmoja wa Hefner ni karibu kandela 0.9. Isitoshe, huo ni ukali wa mwanga kuelekea upande fulani, chini ya shinikizo kamili, nozeli ikiwa mpya na utambi ukiwa mpya. Hakuna karabai ya chuma chakavu iliyo katika hali hiyo. Namba 500, au 350 kwa ndugu yake mdogo, itufundishe tu ukubwa wa nozeli na utambi wa kutafuta, na mwanga tuupime wenyewe.

Kuupima si kazi ngumu wala hakuhitaji chombo cha maabara. Ninatundika shuka jeupe ukutani kwenye ukumbi, usiku, na kusimamisha mpini wa jembe hatua moja mbele yake. Karabai mbili ninaziweka mbele ya mpini, moja kushoto na nyingine kulia, ili kila moja itupe kivuli chake kwenye shuka, vivuli viwili sambamba vinavyokaribia kugusana. Kivuli cha taa ya kushoto hakipati mwanga wa taa hiyo, kinaangazwa na ya kulia peke yake, na kinyume chake. Kwa hiyo kivuli kilicho cheusi zaidi ni cha taa yenye nguvu zaidi, na kazi iliyobaki ni kuirudisha nyuma taa hiyo polepole mpaka jicho lishindwe kuvitofautisha vivuli. Jicho la binadamu ni dhaifu katika kukadiria mwanga mmoja, lakini katika kulinganisha viwili vilivyopakana ni hodari. Kisha napima umbali kutoka kila taa hadi kwenye shuka. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali, hivyo taa iliyosimama mita 2 ikisawazishwa na nyingine iliyosimama mita 3, nguvu zao si 2 kwa 3 bali 4 kwa 9, yaani ya pili ina mwanga zaidi ya mara mbili. Jambo la kuangalia ni kwamba shinikizo la tanki zote mbili liwe sawa, karibu bar 2 kwa taa zenye geji, na kwamba tambi zote mbili ziwe za aina moja na umri mmoja. Vinginevyo mtu atakuwa analinganisha tambi, si taa.

Nilizipima pacha wangu kwa njia hiyo. Usiku wa kwanza kivuli cha Anchor kilikuwa cheusi waziwazi, na ilinibidi kuisogeza nyuma hadi karibu na mlango wa jikoni kabla ya vivuli kulingana. Nilijaribu kujitetea, nikasafisha Petromax, nikabadilisha washa ya kifuniko, yaani kipete cha kuzuia upepo usivuje, nikaiwasha tena. Hali ikawa ileile. Ndipo nilipofanya jambo ambalo ningelipaswa kulifanya mwanzoni: niliziacha zipoe, nikafungua bomba la mvuke pamoja na nozeli na sindano yake kutoka kila taa, nikabadilishana. Hesi ziliingia pande zote mbili bila kulazimishwa, na hilo peke yake lilinieleza mengi. Nilipoziwasha tena usiku uliofuata, kivuli cheusi kilikuwa kimehama. Tanki la Kijerumani likiwa na bomba la Kichina liliangaza vizuri kabisa, na tanki la Kichina lenye bomba la zamani likafifia. Mwanga ulikuwa mali ya bomba, si ya jina. Bomba lile dhaifu nililikata baadaye kwa msumeno wa chuma na kukuta njia ya ndani imejaa masizi meusi, magumu kama magadi ya chungu cha miaka mingi, yakiwa yameacha tundu ambalo hata waya mwembamba ulipita kwa shida.

Hii haimaanishi kwamba tanki la Petromax halina ubora wake. Unaonekana mahali pengine, na chombo cha kuuonea ni sumaku. Matanki ya zamani ya Ujerumani, Sweden na Uingereza kwa kawaida ni ya shaba ya njano iliyopakwa nikeli au kromu, na sumaku haishiki. Taa nyingi za bei nafuu zina tanki la bati la chuma lililopakwa vivyo hivyo, na sumaku hunasa mara moja. Kwa macho hazitofautiani zikiwa mpya. Baada ya miaka ndipo hutofautiana, kwa sababu mafuta ya taa hubeba maji kidogo ambayo hutulia chini ya tanki, na tanki la chuma huliwa kutoka ndani mahali ambapo hakuna anayepaona. Ukilitikisa na kusikia mchanga ndani, mara nyingi huo si mchanga, ni kutu. Tanki la namna hiyo ninaliweka kwa kutazamwa tu, maana chombo cha upepo wa bar 2 chenye ukuta uliooza hakistahili kuwashwa nyumbani. Shaba nayo ina adui yake: nyufa kwenye kingo za shingo na mahali palipolehemiwa, ambazo hujulikana kwa kupiga pampu tanki likiwa tupu na kulizamisha kwenye beseni la maji kutazama mapovu.

Kuhusu kurekebisha, wakusanyaji tumegawanyika, na mimi nina msimamo wangu. Ngozi ya pampu ikikauka ninailowesha mafuta au kukata nyingine kutoka kiatu kikuukuu, washa ninabadilisha, bomba lililoziba ninabadilisha, kwa kuwa ndivyo taa ilivyoishi. Kile ninachokataa ni kung'arisha tanki mpaka nikeli yote itoke na shaba ibaki ikimetameta kama sinia la harusi. Ninakataa pia kuondoa alama za kazi. Karabai za ziwani zina mabati ya kuakisi yaliyokatwa kwa mkasi na kufungwa kwa waya upande mmoja ili mwanga uelekee majini usimpofushe mpiga makasia. Zina vishikizo vilivyoongezwa vya nondo kwa ajili ya kutundikwa kwenye mti unaounganisha mitumbwi miwili. Zingine zina herufi za mwenye chombo zilizochongwa kwa msumari. Anayenunua kwa macho ya katalogi atasema taa hiyo imeharibiwa. Kwangu, Petromax isiyo na mkwaruzo ingeweza kutoka popote, wakati yenye bati la kopo la mafuta ya kupikia na waya wa nyavu haikutoka pengine ila huku.

Tambi zilizobaki madukani tangu zamani zishikwe kwa tahadhari, kwani thoriamu ni madini yenye mnururisho, hafifu lakini uliopo. Hatari si katika kuutazama utambi ukiwaka, ni katika kuvuta pumzi vumbi la utambi uliovunjika. Ninaubadilisha nje ya nyumba, majivu nayafunga kwenye karatasi yenye unyevu, na mikono naosha kabla ya kushika chakula. Watengenezaji wengi wa leo wamehamia kwenye itriamu, ambayo haina tatizo hilo, ingawa mwanga wake huonekana kwangu kuwa na uzito mdogo kidogo. Wala karabai ya aina yoyote isiwashwe katika chumba kilichofungwa, maana hula hewa na inaweza kutoa gesi ya sumu.

Daftari langu sasa halina tena safu ya ubora. Kila taa ina ukurasa wenye mistari ya tanki, pampu, bomba la mvuke, kichwa na kipua, kofia, na mwishoni nyongeza za mvuvi, na kila mstari una asili yake na matokeo ya sumaku au ya shuka. Ukurasa wa Petromax ya rafu ya juu unasema: tanki Ujerumani, shaba, pampu Ujerumani, ngozi mpya, bomba China, kipua hakijulikani, kofia bati la debe, Kibirizi. Wa Anchor una nafasi moja tupu kwenye mstari wa bomba, kwa sababu lile nililolikata kwa msumeno lilikuwa la mwisho nililokuwa nalo, na Jumamosi ninakwenda tena kwa wauza chuma chakavu kutafuta jingine.